Ngozi Iliyokuwa Mlango

Fundi anayepokea Rolleiflex ya miaka ya 1950 haanzi na bisibisi. Huiweka kamera chini ya taa, akaigeuza taratibu, akapitisha ncha ya kidole kwenye kingo za ngozi nyeusi inayofunika bati la mbele, pale zilipokaa lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Anatafuta pembe iliyolegea. Kwa kamera yenye umri huo pembe hiyo haikosekani: gundi imekauka, ngozi imejikunja kidogo tu, na hapo ndipo kazi itakapoanzia.

Chini ya ngozi hiyo kuna skrubu nne. Ndizo zilizolishika bati la mbele, na bila kuzilegeza hakuna awezaye kuifikia vizuri shata iliyoganda kwa mafuta ya zamani. Kiwanda cha Franke & Heidecke, kilichotoa Rolleiflex ya kwanza mjini Braunschweig, Ujerumani, mwaka 1929, hakikutaka vichwa vya skrubu vionekane usoni mwa kamera yake. Kikavivisha ngozi.

Gundi ya zama hizo mara nyingi ilikuwa shelaki, ute wa wadudu wadogo wa India na nchi jirani, unaoyeyuka katika spiriti. Fundi huchovya ncha ya brashi nyembamba, akagusisha tone moja ukingoni, akangoja. Kungoja ni nusu ya kazi. Spiriti ikishapenya, kisu chembamba kilicholazwa juu ya chuma husukumwa milimita 2, si zaidi. Kisha tone jingine, na kungoja tena. Akivuta, ngozi hutanuka, na ngozi iliyotanuka hata nusu milimita hairudi mahali pake: itazidi upande mmoja na kukunjamana upande wa pili. Akiharakisha kisu, atatoboa. Akizidisha spiriti, rangi nyeusi itatoka pamoja na gundi. Ngozi ikishabanduka nzima, hulazwa baina ya karatasi mbili chini ya kitabu kizito, isubiri hadi shata ipone.

Kisha hurudi pale pale ilipotoka. Hiyo ndiyo heshima ya ufundi huu, na ndiyo inayosahaulika upesi. Kubandua ngozi ni jambo la kila mwenye kucha. Kuirudisha ile ile, nzima, kingo zikikutana na chuma kama zilivyokutana siku kamera ilipotoka kiwandani, ni jambo la wachache.

Asiyeujua ufundi huu hudhani ngozi ya kamera ni pambo. Ni kweli inapendeza, na ni kweli pia kwamba vidole hushika vizuri zaidi kwenye ngozi kuliko kwenye chuma kitupu, hasa mikono ikiwa na jasho au asubuhi ikiwa ya baridi. Lakini ngozi ilikuwa na kazi nyingine kubwa zaidi: ilikuwa mlango. Waliobuni kamera hizo walijua kwamba baada ya miaka ishirini mafuta yatakauka, springi italegea, na mtu fulani, katika mji wasioujua, atalazimika kuingia ndani. Wakamwachia njia ya kupita, wakaifunika kwa kitu kinachoweza kufunguliwa na kufungwa tena bila kuacha kovu. Desturi hiyo ilidumu hata baada ya ngozi halisi kuachwa. Olympus OM-1 na Canonet QL17, kamera za Japani zilizopendwa sana miaka ya 1970, bado zilificha skrubu zao muhimu chini ya ngozi bandia. Aliyeijua siri hiyo aliingia kwa adabu. Asiyeijua alianza kung'oa kwingine, na makovu ya bisibisi yake yanaonekana hadi leo.

Mazoea ya kuivika kamera ngozi yalianza kwenye masanduku ya mbao. Kodak ya kwanza ya George Eastman, iliyouzwa Marekani mwaka 1888 kwa dola 25 ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake, ilikuwa sanduku la mbao lililofunikwa kwa ngozi nyeusi. Miaka 12 baadaye ikaja Brownie, sanduku la karatasi ngumu la dola 1 tu. Hata hiyo haikutoka kiwandani uchi. Ilivishwa ngozi ya kuiga. Kamera ya maskini nayo ilistahili nguo. Mohamed Amin, mpigapicha wa Kenya ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia, alianza utotoni na kamera ya ukoo huo, Box Brownie.

Kisha zikaja siku za fahari. Mwaka 1928 Kodak ilitoa Vanity, kamera ndogo ya kukunja iliyolengwa kwa wanawake, kwa rangi tano, kila rangi ikiitwa kwa jina la ndege, na mvukuto wake ukishabihiana na ngozi ya nje. Mivukuto hiyo ya rangi ilikuwa dhaifu, na kamera nyingi zilizobaki zina mivukuto myeusi waliyoweka mafundi baadaye. Nchini Ujerumani, Leitz ilitengeneza Leica chache, zisizofika mia moja, zilizopakwa dhahabu na kuvikwa ngozi ya mjusi. Hizo zimezaa udanganyifu mwingi: Fed na Zorki za Usovieti, kamera za bei nafuu kabisa, zimepakwa dhahabu na kuvikwa ngozi ya nyoka ili ziuzwe kwa jina la Leica. Mnunuzi asiyejua hutazama dhahabu. Mjuzi hutazama kingo za ngozi, kwa sababu mtu anayeghushi huwa na haraka, na haraka huonekana pale ngozi inapokutana na chuma.

Watengenezaji wa Uingereza walikuwa na somo lao kuhusu ngozi. Katika nchi za joto na unyevu, ngozi ya kamera ilibanduka, ikaota ukungu au ikaliwa na wadudu. Jibu lao lilikuwa kamera za tropiki: sanduku la msaji lililokazwa kwa shaba, lisilo na ngozi yoyote nje. Ngozi ilibaki kwenye mvukuto tu, nayo kwa kawaida ilikuwa nyekundu, ya namna ya Kirusi, iliyosindikwa kwa mafuta ya magome ambayo wadudu hawaivumilii harufu yake. Kamera hizo ni miongoni mwa vitu vizuri zaidi vilivyowahi kutengenezwa kwa ajili ya kupiga picha. Lakini zilikuwa za gharama, na kamera nyingi zilizofika Afrika Mashariki zilikuja na ngozi zao za kawaida.

Pwani inaujua ukungu huo. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1930, na N. V. Parekh alipiga picha za maharusi, marafiki na familia za Mombasa kwa miongo kadhaa. Studio za namna hiyo zilifanya kazi katika hewa ya chumvi, na masika ilipoingia kila kitu cha ngozi kilihitaji kupanguswa. Mafundi wanajua pia kwamba kinachoiharibu kamera mapema mahali kama hapo ni mkoba wake yenyewe. Mkoba wa ngozi, uliotengenezwa kuilinda, hunyonya unyevu na kuukumbatiza kamera usiku na mchana. Ukungu huanza kwenye mishono ya mkoba, ukahamia kwenye ngozi ya kamera, ukaishia kwenye lenzi. Ndiyo maana wajuzi huhifadhi mkoba mbali na kamera, jambo linalowashangaza wenye kamera waliorithi vyote viwili vikiwa pamoja.

Adui mwingine hutoka ndani. Contax, kamera ambayo Zeiss Ikon ya Dresden iliitoa mwaka 1932 kushindana na Leica, ilivikwa ngozi nzuri halisi, na baada ya miaka mingi ngozi hiyo huota vivimbe vidogo, vigumu, mviringo. Wakusanyaji wa kamera duniani kote huviita vivimbe vya Zeiss, kwa kuwa kamera nyingine za kampuni hiyo zinavyo pia. Chini ya kila kivimbe kuna kichwa cha ribiti ya shaba. Asidi iliyomo katika ngozi na gundi, ikisaidiwa na unyevu, huila shaba, na kutu ya kijani hukua polepole. Haina pa kwenda ila juu.

Mtu asiye na subira hukibonyeza kivimbe kwa dole gumba, au hukigonga. Ngozi hupasuka na kutu ikabaki. Fundi hulainisha gundi kuzunguka kivimbe, akainua ngozi kiasi cha kuingiza kijiti cha mti kilichochongwa bapa, maana chuma kingekwangua na visivyotakiwa. Hukwangua kutu hadi shaba ionekane, akasafisha kwa spiriti, kisha akaifunika ribiti kwa tabaka jembamba la vanishi ili isigusane tena na ngozi. Upande wa chini wa ngozi nao una kishimo kilichojaa unga wa kijani. Huo hutolewa kidogo kidogo, kwa kuwa hapo ngozi imekonda. Halafu huja tatizo ambalo hakuna dawa yake ila muda. Ngozi imezoea kuwa kuba. Fundi huilowesha kidogo sana upande wa chini, akailaza, akaweka uzito, akaiacha ilale usiku mzima. Asubuhi kuba limeshuka. Si mara zote hushuka lote, na fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo tangu mwanzo.

Leica wengi huidhania kuwa ya ngozi. Kuanzia ile iliyooneshwa kwenye maonesho ya Leipzig mwaka 1925 hadi M3 ya mwaka 1954, vazi lake la kawaida lilikuwa vulkaniti, mpira uliochanganywa na salfa na kupashwa moto hadi ukawa mgumu, kisha ukachapwa nakshi ya chembechembe. Mguso wake ni mzuri ajabu: unashika bila kunata, na joto la mkono huingia humo haraka. Lakini mpira huo huzeeka kwa kukauka. Huachana na chuma chini yake, na siku moja kipande kidogo huanguka karibu na lenzi au kando ya mlango wa nyuma, chuma kikaonekana.

Hapo wenye kamera hugawanyika. Wengi huibandua vulkaniti yote, iliyopona na iliyovunjika, wakaweka vazi jipya. Wapo mafundi, tena wanazidi kupungua, ambao hujaza pengo hilo tu. Huchukua nakala ya nakshi kwenye sehemu nzima ya kamera ile ile kwa udongo wa kuundia, wakajaza pengo kwa lakiri nyeusi au gundi ngumu iliyotiwa rangi, na kabla haijagandamana kabisa wakaibonyeza kwa ile nakala. Kazi ikiwa nzuri, jicho linaweza kupaona mahali hapo chini ya taa kali, lakini kidole kinachopita juu yake hakisimami. Kazi hiyo inaweza kuchukua siku nzima kwa kipande kidogo kuliko ukucha wa mtoto.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Kwa sababu ngozi, au mpira uliochukua nafasi yake, ndiyo sehemu ya kamera inayobadilika zaidi kwa kushikwa. Lenzi haimjui mwenyewe. Shata hufanya kazi ile ile kwa kila kidole. Ngozi hupungua pale iliposhikwa. Katika kamera iliyofanya kazi kweli, nakshi imelainika nyuma upande wa kulia, pale dole gumba lilipokaa kati ya picha moja na nyingine. Kando ya vishikizo vya mkanda kuna mkwaruzo mdogo uliotokana na kuning'inia shingoni na kugonga kifungo cha shati. Rolleiflex, inayoshikwa kifuani na kutazamwa kutoka juu, huchakaa pengine kabisa: chini, na ubavuni mwa kushoto, kiganja kinapoibeba wakati mkono wa kulia unazungusha wenzo wa filamu. Fundi aliyezoea huweza kuitazama kamera dakika moja tu akajua kama mwenyewe alikuwa mpigapicha wa kila siku au wa sikukuu, na kama aliiweka mezani kwa upole au aliitupa kitandani.

Fundi mzuri huyaacha hayo. Husafisha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, akaondoa uchafu uliokwama kwenye nakshi kwa brashi laini, akabandika upya palipolegea, akaishia hapo. Anajizuia kuing'arisha. Rangi ya viatu, ambayo wauzaji wa vitu vikuukuu huipenda sana, huifanya ngozi ionekane mpya kwa wiki chache. Kisha nta yake hujaa kwenye nakshi, hushika vumbi, na rangi huhamia mikononi. Mafuta nayo yana ubaya wake. Kwa miaka mingi watu walipaka ngozi kuukuu mafuta ya wanyama wakiamini wanailisha, na baadaye wahifadhi wa vitabu na makumbusho wakaona kwamba mafuta mengi huipa weusi, huipa unato, na hayazuii kifo chake.

Maana ngozi hufa kweli. Iliyosindikwa kwa magome ya miti, ikikaa miaka mingi katika hewa chafu, hugeuka unga mwekundu unaobaki vidoleni. Maktaba za Uingereza zililiona balaa hilo mapema kwenye majalada ya vitabu vyao, na mwanzoni mwa karne ya 20 iliundwa kamati ya kuchunguza sababu zake. Moshi wa gesi na makaa ulikuwa miongoni mwa walioshitakiwa. Ugonjwa huo huo huzikuta kamera za kukunja za zamani. Ukiwahiwa, unga unaweza kushikizwa kwa gundi nyembamba ya selulosi iliyoyeyushwa katika spiriti, kama wahifadhi wa vitabu wafanyavyo. Ukichelewa, hakuna la kurudisha.

Basi hapo ngozi mpya inakubalika, nayo ina ufundi wake. Ya mbuzi au ndama, isiyofika unene wa milimita 1, huparwa kingo zake hadi ziwe nyembamba kuliko katikati, ili zisiinuke zikisuguliwa. Kielelezo cha karatasi huchukuliwa kwenye ngozi ya zamani kabla haijaondolewa, hata kama imechanika vipande vipande, kwa kuwa ndiyo ramani pekee ya matundu na mikato. Polaroid SX-70, kamera ya Edwin Land iliyotoka mwaka 1972 na inayokunjika bapa ikaingia mfukoni mwa koti, huwapa mafundi mtihani mgumu zaidi: ngozi yake ya kahawia hukatikakatika ikizeeka, na mpya ikiwa nene kidogo tu kuliko ya asili, kamera haifungi.

Tatizo la leo ni kwamba ngozi mpya huwekwa hata pale ya zamani ilipokuwa hai. Vazi lililokatwa kwa leza, jekundu, la kijani, la samawati, lenye gundi tayari mgongoni, huagizwa kwa simu na kufika kwa bahasha. Mwenye kamera hubandua la asili kwa kucha huku akitazama video, akalitupa kwenye pipa. Anayefanya hivyo si mtu mbaya. Mara nyingi anaipenda kamera yake. Lakini anatupa mahali mikono ya miaka sitini ilipokaa, na anatupa pia kazi ya mtu aliyepara kingo zile kwa mkono. Baadaye, akitaka kuiuza, huulizwa swali moja: ngozi ni ya asili?

Kamera zilizofuata hazikuachiwa hata nafasi ya kufanyiwa kosa hilo. Nyingi za miaka ya 1990 zilipakwa mgongoni mpira laini ambao sasa umegeuka unato mweusi. Haubanduki, hausafishiki bila kuuondoa wote, na chini yake kuna plastiki tupu. Simu zinazopiga picha nyingi zaidi leo zimefungwa kwa kioo na gundi, na aliyezibuni hakumfikiria mtu wa mji asioujua, mwenye brashi na tone la spiriti, atakayekuja baada ya miaka ishirini.

Viwanda vyenyewe vimekwenda. Zeiss Ikon iliacha kutengeneza kamera mwaka 1972. Franke & Heidecke ilifilisika mwaka 2009. Waliofunzwa ndani ya kuta zile, waliojua kwa vidole gundi iwe nzito kiasi gani na ngozi ipashwe moto kiasi gani kabla ya kubandikwa, wengi ni wazee au wamefariki. Wanaojifunza sasa hujifunza kwa kubahatisha, na kifaa cha kujifunzia ni kamera ya mtu. Mwanafunzi mwenye bahati hupata fundi wa kumketisha kando yake, lakini hata fundi huyo ana hesabu za kufanya. Kubandua ngozi ya Rolleiflex ikiwa nzima, kuisafisha, kuilaza na kuirudisha humlia siku mbili. Vazi la plastiki huwekwa kwa saa moja, kwa sehemu ndogo ya malipo hayo. Mteja akipewa achague, kwa kawaida huchagua saa moja, na fundi, mwenye kodi ya kibanda inayomsubiri mwisho wa mwezi, huinamia kamera na kuanza kukwangua.